Nilikwenda kutazama viboko, nikaonyeshwa ng'ombe

Mimi mzima, isipokuwa ngozi ya pua imebanduka kwa jua la baharini na raba zangu mpaka leo zinanuka tope. Nimezifua mara tatu. Bibi amesema zisivuke mlango.

Wale wanaonifuata toka mwanzo wanajua kwamba mimi ni mtoto wa Malampaka, stesheni ya reli ya Mwanza ambayo wengi wenu mnaijua kwa kuipita tu, kichwa dirishani. Kwa asiyeijua, ni wilaya ya Maswa, mkoa wa Simiyu, ule uliozaliwa mwaka 2012 na makao makuu yake yako Bariadi. Kwetu ni pamba, mpunga na ng'ombe. Maji tunayoyajua ni ya kwenye majaruba, yanaishia magotini, na ya lambo la kunyweshea mifugo. Ndiyo maana nilipotangaza pale kijiweni kuwa naenda Rufiji kupanda boti na kutazama wanyama ndani ya msitu wa mikoko, washikaji walicheka mpaka muuza kahawa akasogea kuuliza kuna nini. "Wewe hata kwenye beseni unazama," mmoja akasema. Sikumjibu kwa sababu ni kweli.

Niliwaambia naenda kwa ajili ya safu hii. Hiyo ilikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili ni ya Bibi.

Mjomba wangu mkubwa alihama na ng'ombe wake mimi sijazaliwa, akaenda kutafuta malisho Usangu kule Mbeya. Mwaka 2006 Serikali ilipowaondoa wafugaji kwenye bonde la Ihefu, yeye na wenzake wengi wakaswaga mifugo kuelekea Pwani na Lindi, na yeye akaishia Rufiji. Nimemwona mara moja tu kwa macho yangu, mwaka 2015, msiba wa babu. Alikuja na koti refu, fimbo, na simu mbili. Alinipa noti ya elfu kumi, nikamwona tajiri kuliko watu wote wa Maswa. Baada ya hapo ikawa mambo ya simu. Halafu Aprili 2024 Mto Rufiji ukafurika, mashamba na nyumba za watu zikaingia majini, na kuanzia wakati huo namba za mjomba, zote mbili, hazipatikani.

Kila Jumapili Bibi akitoka kanisani ananiambia, "Hebu mpigie." Nabonyeza, naweka sauti kubwa. Yule dada wa kwenye simu anasema namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Bibi anamwitikia, "Haya mwanangu, asante." Kila Jumapili. Zaidi ya mwaka mzima. Sasa mtu akiwa na moyo atavumilia mpaka lini?

Safari yenyewe sina la kuwasimulia. Basi toka kwetu mpaka Dar ni usiku kucha na mchana wake, magoti yamekutana na kidevu. Dar sikukaa, maana Dar ukikaa hela inakaa na wenyewe. Nikaunga Mbagala Rangi Tatu, nikashuka Kibiti, nikalala gesti yenye feni moja inayozunguka ikikumbuka, na asubuhi nikakamata bodaboda hadi Nyamisati.

Nyamisati ndipo watu wanapopandia kivuko cha kwenda Mafia. Nilipofika kivuko kilishatoka, na pale gatini walibaki watu wawili wamenuniana. Jamaa wa Dar na mchumba wake. Kwa maelezo ya mchumba, walichelewa kwa sababu jamaa alikuwa anachana ndevu. Kwa maelezo ya jamaa, saa ya simu ilikosea. Jamaa alivaa suruali nyeupe, nyeupe pee, ya kitani, na viatu vya ngozi bila soksi. Kumbukeni hiyo suruali.

Tukaunganisha nguvu. Wao walikuwa na siku nzima ya kupoteza na mimi nilikuwa na hela ya nusu ya petroli. Tukatafuta nahodha. Tulielekezwa kwa mzee mmoja mfupi, kofia ya kiua, miguu mipana kama makasia, anakaa juu ya mtungi wa mafuta akishona wavu. Ana boti ya fiba na mjukuu wake wa kushika upondo. Sasa mimi nilikuwa nimejipanga. Nilishasikia kwamba Rufiji jina la Msukuma siku hizi linaanzisha mjadala, mambo ya wakulima na wafugaji, ng'ombe kuingia mashambani, watu kuumizana. Nikasema hapa nitakuwa mtu wa Dar kama hawa wenzangu. Nikakaza sauti, nikauliza kwa madaha:

"Mzee shikamoo. Petrori inakwenda rita ngapi?"

Akaacha sindano. Akanitazama. Akasema, "Marahaba. Mwangaluka!"

Jamani, mwangaluka ni salamu yetu ya asubuhi! Ikitamkwa mbele ya Msukuma mdomo unajibu wenyewe, haungoji ruhusa. Nikajikuta nimeitikia. Mchumba wa watu akacheka mpaka akasahau kuwa amenuna. Mzee akaniambia polepole kwamba yeye Mndengereko, mzaliwa wa delta, na Kisukuma kidogo amejifunzia humo humo, kwa wateja wake. Kisha akaniongezea lita mbili kwenye hesabu, akasema hiyo ni ya utani.

Hatukuondoka. "Maji bado," akasema. Huku kwetu ukitaka kwenda unakwenda. Kule unasubiri bahari ijae ndipo mikondo ya ndani ipitike, na unahesabu urudi kabla haijapwa, la sivyo boti inakaa juu ya tope na wewe unalala humo na mbu mpaka maji yarudi. Siku ile ilikuwa bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana, kwa hiyo mzee alikuwa anaangalia ufukwe kama sisi tunavyoangalia saa ya stesheni. Tukala mihogo ya kukaanga. Ilipofika karibu saa nne akasimama tu, bila neno, akaanza kubeba injini.

Sasa niwaambie kuhusu mikoko.

Nilidhani ni vichaka. Picha zinadanganya. Tulipoingia kwenye mkondo wa kwanza ilikuwa kama kuingia mtaa wa maghorofa. Miti mirefu pande zote mbili, majani yanang'aa, na chini yake mizizi imesimama nje ya maji kama miguu ya buibui wakubwa, maelfu, imebeba mti wote hewani. Mti unasimama kwenye maji ya chumvi na hauoni haya. Mimi mtoto wa pamba, mmea unaokufa ukiuangalia vibaya, nilishangaa kweli kweli. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, na hakuna sehemu nyingine ya pwani ya Afrika Mashariki yenye msitu wa mikoko mkubwa kama huo kwa pamoja. Ni hifadhi ya misitu toka enzi za Mjerumani, sasa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na mwaka 2004 eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani.

Na si mti mmoja. Sisi wa bara tunasema mikoko, tumemaliza. Mzee alikuwa anataja kama mwalimu anaita majina darasani. Huu wenye miguu ya buibui ndio mkoko hasa. Ule mchu. Ule mkandaa, magome yake yanatoa rangi. Ule mlilana, unakaa mbele kabisa baharini kupokea mawimbi, na matawi yake yaliyopinda wanatengenezea mataruma ya mashua. Kuna msinzi, kuna mkomafi wenye tunda kubwa kama nazi, kuna msikundazi. Boriti za nyumba za kale za Zanzibar na Lamu ni mikoko, na majahazi yalizibeba boriti hizo mpaka Arabuni na Ghuba kwa karne nyingi, kule ambako miti ya kujengea haipo. Wanasema hata upana wa vyumba vya nyumba hizo ulifuata urefu wa boriti. Yaani mtu anajenga chumba kulingana na mti ulioota Rufiji!

Mzee akasogeza boti kando, akachuma jani la mchu, akanipa. "Ramba." Nikaramba. Chumvi tupu! Kumbe ule mti unakunywa maji ya bahari, halafu unatoa chumvi yake kupitia majani, unaikausha juani. Na mizizi yake haiendi chini tu, inatoa vidole juu ya tope, vimesimama kama penseli zilizochomekwa, kwa ajili ya kupumulia, maana tope halina hewa. Halafu mkoko wenyewe haudondoshi mbegu. Unaiotesha huko huko juu ya mti, inaning'inia ndefu kama kalamu, ikikomaa inaachia na kuchoma kwenye tope chini. Maji yakiwepo inaelea, inakwenda kuota ng'ambo. "Anazaa mtoto ameshaota meno," mzee akasema. Mchumba wa jamaa akaandika hiyo kwenye simu yake.

Wanyama sasa. Wa kwanza kumwona alikuwa kaa, mwekundu, mkono mmoja mkubwa kuliko mwili, anaupunga kama trafiki wa Ubungo. Walikuwa mamia. Wa pili alikuwa samaki, na hapa mtasema naongeza chumvi, alikuwa anatembea. Amekaa juu ya mzizi nje ya maji, macho juu ya kichwa, anatuangalia. Tulipokaribia akaruka-ruka kwenye tope kwa mapezi, akaingia shimoni. Jamaa wa suruali nyeupe akasema huyo ni chura. Mzee hakubishana naye.

Ndege ndio usiseme. Yangeyange weupe wamepanga foleni kwenye tawi, furukombe kwenye mti mkavu na kichwa chake cheupe, mdiria wa buluu anapita kama jiwe lililorushwa. Na ilikuwa Septemba, wale ndege wadogo wenye miguu mirefu wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia walishaanza kuingia, wametapakaa kwenye tope wakidonoa. Wale huja bila pasi, wakaondoka bila kuaga. Juu kwenye mikoko tukaona mbega, kundi zima, mikia mirefu inaning'inia kama taulo kwenye kamba. Mbega anatutazama, sisi tunamtazama. Kimya. Hata jamaa aliacha kuongea.

Mamba tuliwaona wawili. Mmoja alikuwa gogo mpaka alipoingia majini. Tangu hapo nikatoa mkono wangu pembeni ya boti na sikuurudisha tena.

Mahali fulani mzee akapunguza mwendo akaonyesha mkondo mpana upande wa kusini, akasema huko ndiko Mjerumani alikoficha meli. Hii ni historia tuliyoipita haraka sekondari, lakini ukiwa pale inaingia akilini. Meli ya vita ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya Waingereza iitwayo Pegasus bandarini Zanzibar Septemba 1914, halafu ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza waliisaka kwa miezi, wakashindwa kuingia kwa meli zao kubwa kwa sababu ya kina kidogo. Ikabidi walete ndege za kuichungulia toka juu na manowari bapa mbili, Severn na Mersey, mpaka Wajerumani wenyewe wakailipua Julai 1915. Mizinga yake waliiokoa wakaenda kupigania nchi kavu, na mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo. Meli nzima, mabaharia mamia, wamefichwa na miti hii hii! Nikawaza, kama meli ya chuma ilifichika humu, mtu mmoja wa Malampaka na simu zake mbili itakuwaje.

Kiboko sasa. Tulishaacha maji ya chumvi kali, tumepanda juu kidogo ambako maji ya mto yanachanganyika na bahari. Mzee akazima injini. Mjukuu akachomeka upondo. Mbele yetu, kama umbali wa kutoka goli hadi katikati ya uwanja, masikio. Halafu pua. Halafu mgongo kama tairi la trekta. Saba, nane, sikuendelea kuhesabu. Mzee akasema kwa sauti ya chini kwamba hapo ndipo mwisho, hatusogei, kiboko akizama na ukaona mapovu yanakuja upande wako, ndugu yangu, boti si yako tena.

Nani alisimama? Suruali nyeupe. Alisimama katikati ya boti, mgongo kwa viboko, simu juu, anataka picha ya yeye na wao. Boti ikalala upande. Mimi nilishika mbao za ubavuni kwa mikono miwili na kusali kwa Kisukuma, Kiswahili na Kiingereza kidogo cha kidato cha nne. Mzee alitamka neno moja tu, "Keti," lakini alivyolitamka hata mimi niliyekuwa nimekaa nilikaa tena. Jamaa akakaa. Akakaa kwenye maji ya chini ya boti, yale yaliyochanganyika na mafuta na magamba ya samaki. Suruali ikawa na ramani ya Afrika. Mchumba wake akapiga picha hiyo badala yake. Kiboko mmoja mkubwa akapiga mwayo, mdomo wote wazi, meno kama vigingi, kisha akazama polepole. Tukarudi nyuma kwa upondo, kimya kimya, kama wezi.

Hapo ndipo nilifikiri safu yangu imekamilika. Nilishapata kiboko, mamba, mbega na suruali. Nikawa najipangia sentensi kichwani.

Tulipogeuka tulipita mkondo mwembamba wa kaskazini, na msitu ukaisha ghafla. Ukuta wa mikoko, halafu uwazi, visiki vyeusi vilivyochomwa, na kati ya visiki mpunga uliovunwa, mabua tu. Mimi mpunga naujua. Lakini mpunga ndani ya hifadhi ya mikoko? Mzee akaeleza kwamba katika miaka ya 1970 maji mengi ya mto yalihamia matawi ya kaskazini, huku maji baridi yakazidi, watu wakaanza kukata mikoko na kulima. Unapandikiza miche mirefu, maana mifupi kaa wanaikata. Misimu ya kwanza unapata sana. Baadaye magugu yanashinda, unasogea unakata pengine. Nikamuuliza si imekatazwa. Akasema imekatazwa. Nikamuuliza shamba hili la nani. Akakuna kofia. "Kipande kile pale ni changu," akasema. "Wanangu walikula nini?"

Sikumuuliza tena. Mchumba wa jamaa yeye akauliza, na mzee akamjibu bila kukasirika, kwamba anajua hasara yake kuliko yeyote. Kamba na samaki wengi wanakulia kwenye ile mizizi wangali wadogo, mkoko ukiisha wavu wake unarudi na majani. Amekata kwa mkono wa kulia anavua kwa mkono wa kushoto, na mikono yote ni yake.

Na pale pale, upande wa pili wa uwazi, chini ya mchu mmoja uliobaki, alisimama mnyama. Maji yamemfika kifuani. Pembe ndefu, nundu, rangi ya udongo wa kwetu. Anachuma majani ya mchu taratibu, anatafuna, anatuangalia kama sisi ndio tumepotea.

Ng'ombe.

Jamaa wa Dar akasema, "Huyu naye anaitwaje?" na sidhani alikuwa anatania. Nyuma yake walikuwepo wengine, kumi hivi, wamezama kwenye tope mpaka magotini, na mizizi ya kupumulia ya ule mchu yote imekanyagwa imelala. Mzee hakupunguza mwendo. Akasema tu bila kunitazama, "Hao wa kwenu."

Wasomaji wangu, niliwahi kutukanwa, niliwahi kunyimwa kazi, lakini sijawahi kusikia aibu ya namna ile, aibu ya ng'ombe ambaye hata si wako. Maana nilimwangalia sikio. Ng'ombe wa kwetu wana alama ya sikio ninayoijua toka mtoto, hao walikuwa na chapa ya paja ya mtu mwingine. Na katikati ya aibu nikasikia kuvunjika moyo. Nilikuwa natamani wawe wa mjomba! Waharibu mikoko, walale kwenye tope, ila wawe wake, ili nijue yuko karibu.

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia mzee yote, Usangu, Ihefu, mafuriko, simu, Bibi na yule dada asiyepatikana. Nikamtajia jina la mjomba na koti lake. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya mikondo miwili mizima. Nikasema basi, hapa nashushwa.

"Huyo wa koti," akasema, "alikuwa ananiletea maziwa, mimi nampa samaki. Anapenda perege, wa baharini anasema wananuka." Akacheka. "Nilimwambia mwaka ule, sogeza ng'ombe wako mapema, mto una hasira. Akasogeza nusu."

Hakuwa na namba yake. Lakini kwenye kijiji kimoja cha ndani kuna muuza duka ambaye anaweka madeni ya watu wote wa delta kwenye daftari, na mtu anayedaiwa, mzee akasema, hapotei. Tukakata kona. Maji yalishaanza kupwa, mjukuu analalamika, jamaa anauliza kama kuna mtandao. Mwenye duka akafungua daftari, akapitisha kidole, akafika. Sukari, betri, mafuta ya taa, vyote vimelipwa mwaka uliofuata mafuriko, kwa simu. Na namba iliyolipia imeandikwa pembeni.

Nilipiga nikiwa nimesimama kwenye tope, raba ndani. Ikaita. Sikutegemea kwamba ingeita, nikakosa cha kusema. Sauti ikasema "Haloo" mara tatu, ile r na l yetu, nikajua.

Yuko Kilwa. Analima ufuta. Aliondoka na watu wengine kwa miguu maji yalipopungua, simu zote mbili zilikwenda na mto, na namba za nyumbani zilikuwa humo. Nikamuuliza kwa nini hakutafuta njia nyingine, kutuma mtu, kuandika barua, stesheni ya Malampaka inajulikana. Akanyamaza. Halafu akasema, "Mpwa wangu, niliondoka nyumbani na ng'ombe 80. Unajua nimebaki na wangapi?" Akanitajia. "Sasa nimpigie mama nimwambie nini?" Akaniapisha nisimwambie Bibi idadi. Nikaapa.

Tuliondoka maji yameshapwa vibaya. Mara mbili tulikwama, mara mbili tukashuka kusukuma, na suruali nyeupe ilimaliza siku ikiwa rangi moja tu, ya tope, mpaka kiunoni. Niwe mkweli, jamaa alisukuma kwa nguvu kuliko wote, na nilimpenda kidogo. Nyamisati tulifika giza limeingia. Mzee alikataa hela ya mafuta ya kona ile ya dukani. Akaniagiza tu nikirudi nimletee mchele wa kwetu aone kama kweli unazidi wake, na nimwambie mjomba anamdai debe la maziwa.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nyumbani. Bibi akatoka kanisani, akakaa, akasema, "Hebu mpigie." Nikabonyeza namba mpya, nikaweka sauti kubwa. Walizungumza nusu saa, kwa Kisukuma kizito, mvua, ufuta, nani kafa, nani kaoa. Ng'ombe hawakutajwa hata mara moja. Vocha ikakata.

Bibi akanirudishia simu, akaifuta kwanza kwa kanga.

"Amebaki nao wangapi?"

"Hakuniambia, Bibi."

Akafunga kanga yake vizuri, akaangalia raba zangu pale nje ya mlango.

"Kumi na wangapi?" akasema.